Kugawa fedha za barabara: asilimia za Michigan, alama za North Carolina, au mgawo sawa wa Kenya na Tanzania?

Wawakilishi wadi, madiwani na wananchi wanaofika kwenye vikao vya maoni hubishania asilimia za fedha za barabara kabla ya kukubaliana asilimia hizo zinagawa kitu gani. Fedha za kuchonga barabara ya udongo na kuzibua makalavati zina tabia yake. Fedha za kujenga barabara mpya ya lami zina tabia nyingine kabisa. Majimbo mawili ya Marekani yamelitungia jambo hili sheria kwa njia mbili zilizo mbali sana, na ukiyaweka kando ya Kenya na Tanzania utaona kila njia inalipa wapi na inaumiza wapi. Msimamo wetu tunautaja mapema: matengenezo yagawiwe kwa kanuni thabiti inayofuata urefu na aina ya barabara, ujenzi ushindaniwe kwa alama, na mgawo sawa ubaki sehemu ndogo tu, wa kumlinda aliye dhaifu.

Michigan: kila mwenye barabara ana fungu lake

Sheria Namba 51 ya mwaka 1951 ndiyo inayotawala hadi leo, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Kodi ya mafuta na ada za usajili wa magari huingia kwenye mfuko mmoja wa jimbo. Kwanza hutolewa makato: gharama za kuukusanya na kuusimamia, fungu la madaraja ya maeneo, na 10% ya usafiri wa umma. Kinachobaki hukatwa mapande matatu: 39.1% kwa Idara ya Usafirishaji ya jimbo, 39.1% kwa kaunti 83, na 21.8% kwa miji na miji midogo yenye serikali zake.

Fungu la kaunti lina mgawo mwingine ndani yake, na hapo ndipo penye mafunzo mengi. Baada ya makato madogo, yakiwemo ya kaunti zenye theluji nyingi, robo tatu huenda kwenye barabara kuu za kaunti na robo moja kwenye barabara ndogo. Katika zile robo tatu, 75% hufuata ada za usajili wa magari zilizolipwa ndani ya kaunti, 10% hufuata urefu wa barabara kuu, na 15% hugawanywa sawasawa kwa kaunti zote. Katika robo ya barabara ndogo, 65% hufuata urefu na 35% hufuata idadi ya watu wanaoishi nje ya miji. Kwa upande wa miji, vigezo vikuu ni 60% idadi ya watu na 40% urefu wa mitaa.

Ubora wa mpango huu ni kwamba mhandisi wa kaunti anajua, kabla mwaka haujaanza, atapokea kiasi gani kwa makadirio ya karibu. Anaweza kusaini mkataba wa miaka mitatu wa kuziba nyufa za lami. Anaweza kununua greda na kuajiri dereva wa kudumu. Matengenezo yanahitaji hilo kuliko kitu kingine chochote, maana barabara iliyoruka mwaka mmoja wa matengenezo hudai gharama kubwa zaidi mwaka unaofuata.

Kasoro zake zinajulikana. Ya kwanza ni kipimo cha urefu: kanuni huhesabu maili za barabara, haihesabu idadi ya njia za magari zilizo ndani ya barabara. Barabara ya njia sita katika Kaunti ya Oakland, inayobeba msongamano wa jirani ya Detroit, huhesabiwa maili moja sawa na barabara ya njia mbili inayopita mashambani. Gharama ya kuweka tabaka jipya la lami kwenye njia sita ni karibu mara tatu, lakini kanuni haioni hilo. Ya pili ni hali ya barabara. Michigan hukagua barabara zake kwa mizani ya 1 hadi 10, ambapo 8 hadi 10 ni nzuri, 5 hadi 7 ni ya wastani, na 1 hadi 4 ni mbovu, lakini alama hizo haziingii kwenye mgawo wa Sheria 51. Ya tatu ni kodi yenyewe: ilikuwa senti kadhaa kwa galoni, thamani yake ikiliwa na mfumuko wa bei mwaka hadi mwaka. Sheria ya mwaka 2015 ilipandisha kodi ya petroli hadi senti 26.3 kuanzia Januari 2017, kisha kuanzia 2022 ikaruhusu ipande kila mwaka kwa kufuata mfumuko wa bei, isizidi 5%. Kanuni nzuri ya mgawo haiwezi kuokoa mfuko unaosinyaa.

North Carolina: mradi ushinde kwa alama

Huku hakuna barabara za kaunti. Mwaka 1931 jimbo lilichukua barabara zote za kaunti, na leo Idara ya Usafirishaji ya North Carolina inatunza takriban maili 80,000. Miji ndiyo pekee yenye mitaa yake, nayo hupata mgao unaogawanywa 75% kwa idadi ya watu na 25% kwa urefu wa mitaa.

Kwa kuwa mwenye barabara ni mmoja, swali la nani apewe fungu likapungua uzito, likabaki swali la mradi gani uanze. Tangu mwaka 1989 kanuni iligawa fedha za ujenzi hivi: nusu kwa idadi ya watu, robo kwa barabara za mtandao wa jimbo ambazo hazijakamilika, na robo sawasawa kwa kila kanda. Kila kanda ilipata chake, lakini barabara zenye msongamano mkubwa zilisubiri foleni. Sheria ya mwaka 2013 ikaibadilisha na kugawa fedha za ujenzi katika ngazi tatu.

40% ni za miradi ya jimbo zima, nayo huchaguliwa kwa takwimu peke yake: msongamano, usalama, faida ikilinganishwa na gharama, mizigo na uchumi. 30% ni za mikoa 7, kila mkoa ukipata kwa idadi ya watu wake, na hapo takwimu hubeba 70% ya alama huku maoni ya eneo yakibeba 30%. Ile 30% ya mwisho hugawanywa sawasawa kwa kanda 14 za kihandisi, ambako takwimu hubeba nusu na maoni nusu. Maoni hayo nayo hugawanywa: nusu ni ya mhandisi wa kanda, nusu ni ya vyombo vya mipango vya eneo. Mradi ulioshindwa ngazi ya juu unaruhusiwa kushuka na kushindana chini.

Utaratibu huu unapunguza nafasi ya mwanasiasa kusukuma barabara inayopita mlangoni kwake, kwa sababu alama huchapishwa na mtu yeyote anaweza kuuliza kwa nini mradi namba 12 umepita na namba 9 umebaki. Ngazi ya tatu, iliyo sawa kwa kanda zote, inahakikisha sehemu za milimani na za pwani hazitoki mikono mitupu.

Una udhaifu wake. Alama hupangwa kwa makadirio ya gharama ya leo, na ardhi pamoja na lami vikipanda bei, orodha iliyoahidiwa humeza fedha za miaka ya mbele. Ndivyo ilivyotokea mwaka 2021, mzunguko mpya wa kutoa alama uliposimamishwa kwa kuwa miradi iliyokwishaahidiwa ilizidi fedha zilizotarajiwa. Tena, alama zinahitaji takwimu: hesabu za magari, rekodi za ajali, vipimo vya muda wa safari. Pasipo takwimu, alama hujazwa kwa kukisia, na ukisiaji wenye sura ya sayansi ni mbaya kuliko ubishi wa wazi.

Jambo moja watu hulipita haraka: sheria hiyo ya 2013 inahusu ujenzi. Matengenezo ya kila siku yana mfuko wake tofauti. North Carolina haikuthubutu kuweka greda na daraja jipya kwenye mizani moja.

Kenya na Tanzania: asilimia kwa wakala, usawa kwa siasa

Kenya hukusanya tozo ya matengenezo ya barabara kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Ilikuwa Sh18 tangu 2016, ikapandishwa hadi Sh25 mwezi Julai 2024. Sheria ya Bodi ya Barabara Kenya hugawa hivi: 40% KeNHA kwa barabara kuu za kitaifa, 22% KeRRA (mamlaka ya barabara za vijijini), igawanywe sawasawa kwa maeneo bunge, 10% KeRRA kwa barabara zinazounganisha maeneo bunge, 15% KURA kwa miji, 1% KWS (shirika la wanyamapori) kwa barabara za mbuga, 2% uendeshaji wa Bodi, na 10% hubaki kwa uamuzi wa waziri.

Hapo 22% ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Maeneo bunge ni 290. North Horr, katika Marsabit, ni kubwa kuliko baadhi ya kaunti nzima. Mathare, Nairobi, unaweza kuivuka kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Katika fungu hili yote mawili yanapata sawa. Yapo maelezo ya haki kwa hilo: mbunge hawezi kusema ameachwa, na hesabu haihitaji takwimu yoyote. Lakini kwa mhandisi, fungu dogo kwenye mtandao mrefu humaanisha kuchonga kilomita chache hapa na chache kule, na kila mara kumlipia mkandarasi lori la kubebea greda kwenda na kurudi.

Ile 10% ya waziri pia inahitaji kusemwa wazi. Fungu la dharura ni la lazima, kwani mvua za El Niño za 1997 na za 2023 zilibeba madaraja bila kuuliza bajeti. Lakini fungu la dharura lisilo na vigezo vilivyoandikwa hugeuka haraka kuwa fungu la upendeleo.

Mvutano mkubwa zaidi ni kati ya serikali kuu na kaunti. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, iliweka barabara za kaunti mikononi mwa kaunti, na zoezi la kuziainisha upya barabara mwaka 2016 likaonyesha kwamba sehemu kubwa ya mtandao wa nchi ni ya kaunti. Kwa miaka kadhaa 15% ya tozo ilipelekwa kaunti kama ruzuku yenye masharti, kisha ikakatika, na mwaka wa fedha 2024/25 ugomvi wa Sh10.5 bilioni ulichelewesha fedha nyingine za kaunti pia. Michigan ilikwisha kuumaliza ugomvi wa aina hii kwa kuandika 39.1%, 39.1% na 21.8% ndani ya sheria. Kenya bado inaujadili kila mwaka, na wakati wabunge na maseneta wanajadiliana, mitaro inaziba. Zaidi ya hapo, Sh7 za kila lita ziliwekwa rehani mwaka 2025 ili kupata takriban Sh175 bilioni za kulipa madeni ya wakandarasi. Madeni hayo yalipaswa kulipwa. Hata hivyo kila anayekokotoa fungu lake lazima aanze na kinachobaki baada ya rehani, asianze na Sh25.

Tanzania ina mpangilio mfupi zaidi. Sheria ya Tozo za Barabara na Mafuta inataka angalau 90% ya Mfuko wa Barabara iende kwenye matengenezo na dharura, na isizidi 10% kwenye maendeleo. Tunaipenda kinga hiyo kuliko kitu kingine chochote kwenye ulinganisho huu, kwa sababu inazuia uzinduzi wa barabara mpya kula fedha za zile zilizopo. Mgawo wa kawaida umekuwa 70% kwa TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, na 30% kwa TARURA, wakala ulioanza kazi Julai 2017 kuchukua barabara za halmashauri. TANROADS inatunza zaidi ya kilomita 36,000. TARURA takriban 144,000. Ukigawanya asilimia kwa urefu, kilomita ya TANROADS inapata kama mara tisa ya kilomita ya TARURA.

Namba hiyo hutajwa sana bungeni na inahitaji tahadhari. Barabara kuu ya lami inayobeba malori ya Tunduma haiwezi kulinganishwa na njia ya udongo inayopita pikipiki na mkokoteni. Tofauti fulani ni halali. Kwamba tofauti ya mara tisa ilikuwa kubwa mno, serikali yenyewe ilikubali kwa vitendo: Julai 2021 iliongeza Sh100 kwa kila lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na mwaka huohuo kila jimbo la uchaguzi likapewa Sh500 milioni, sawasawa, kubwa kwa dogo.

Fungu lilelile kwa kanuni tano

Chukua mfano wa kubuni. Kaunti ina Sh100 milioni za matengenezo na wadi tatu. Wadi A ni ya mjini: kilomita 60, watu 50,000. Wadi B: kilomita 140, watu 30,000. Wadi C ni ya mashambani: kilomita 300, watu 20,000. Kiasi ni katika milioni za shilingi.

| Kanuni | A | B | C |
|---|---|---|---|
| Sawa kwa kila wadi | 33.3 | 33.3 | 33.3 |
| Watu pekee | 50 | 30 | 20 |
| Urefu pekee | 12 | 28 | 60 |
| 60% watu, 40% urefu | 34.8 | 29.2 | 36 |
| 20% sawa, 30% watu, 50% urefu | 27.7 | 29.7 | 42.7 |

Tazama mstari wa kwanza kwa kilomita moja: A inapata Sh555,000, B Sh238,000, C Sh111,000. Kwa watu pekee, C inabaki na Sh67,000 kwa kilomita, kiasi ambacho kinaishia kwenye mafuta ya greda. Kwa urefu pekee kila kilomita inapata Sh200,000, na hapo anayeumia ni A, yenye lami, mitaro ya zege na magari mengi. Mstari wa nne, unaoiga miji ya Michigan, unakaribia mgawo sawa kwa kuwa watu na urefu vinavutana pande mbili. Anayependa mgawo sawa kwa sababu za amani ya kisiasa anaweza kuupata huo bila kuacha vigezo.

Sasa uone kwa nini kugawa vipande vidogo kunaharibu kazi. Kilomita moja ya changarawe yenye upana wa mita 5.5 na tabaka la sentimita 15 inahitaji mita za ujazo 825 zilizoshindiliwa. Changarawe huvimba ikichimbwa, kwa hiyo unapakia kama mita 1,030, yaani safari zaidi ya 100 za lori la mita 10. Fungu lisilotosha kilomita nzima hutumika kupunguza unene: sentimita 8 badala ya 15, bila kushindilia vizuri, na mvua mbili baadaye barabara imerudi udongo. Kwenye hati imetengenezwa. Ndiyo maana kila kanuni inahitaji kifungu cha kiwango cha chini cha kazi: pasipofikia, fungu la wadi lihifadhiwe hadi mwaka unaofuata au lichangwe na la wadi jirani.

Uchague ipi

Kama una mtandao mrefu wa udongo na changarawe, na takwimu zako ni chache, chukua njia ya Michigan, ila usichukue kipimo chake cha urefu kama kilivyo. Tumia kilomita zenye uzito. Uzito upate kwenye zabuni zako mwenyewe za miaka mitatu: gharama ya wastani ya kutunza kilomita ya udongo kwa mwaka iite 1, kisha uone ya changarawe na ya lami ni mara ngapi ya hiyo. Lami ya njia nne ihesabiwe mara mbili ya njia mbili.

Kama una fedha za ujenzi na miradi inayogombana, chukua alama za North Carolina kwa vigezo vichache unavyoweza kuvipima kweli: hesabu ya magari ya saa 12 kwa siku tatu, ikiwemo siku ya gulio, idadi ya siku barabara hukatika kwa mvua, zahanati, shule na masoko yaliyoko kandoni, gharama kwa kila mtu atakayenufaika. Maoni ya eneo yasizidi 30% ya alama. Yakifika nusu kwenye kaunti ndogo, wajumbe hubadilishana kura na takwimu hubaki pambo.

Usigawe matengenezo kwa ubovu wa barabara. Wazo hilo linavutia na wengi hulitoa kwa nia njema, lakini anayeiacha barabara ife hupata zaidi mwaka unaofuata, na aliyezibua mitaro yake kwa wakati hupunguziwa. Ubovu uwe na fungu lake pembeni, la mara moja, lenye mwisho uliotajwa, kwa sehemu korofi tu: kalavati lililosombwa, mlima unaoteleza, kivuko kilichozama.

Mgawo sawa upewe 15% hadi 20%, kama Michigan inavyofanya kwenye barabara kuu za kaunti. Chini ya hapo wadi ndogo haiwezi kulipia hata kazi ya mitaro. Juu ya hapo unarudia kosa la North Horr na Mathare. Dharura iwe na fungu kati ya 5% na 10%, lenye vigezo vilivyoandikwa, na baki irudi kwenye matengenezo ya kawaida mwaka wa fedha unapokwisha.

Kabla ya kura yoyote, hitaji rejista ya barabara iliyosainiwa na mhandisi: jina au namba ya barabara, mwanzo na mwisho kwa vipimo vya GPS, urefu, upana, aina ya uso, idadi ya makalavati, na tarehe ya ukaguzi. Pale fedha zinapofuata urefu, urefu huota: njia za ng'ombe huingia kwenye rejista, na barabara moja huandikwa mara mbili, kwenye wadi mbili. Linganisha rejista na picha za setilaiti, na uikate kwenye tarehe moja kila baada ya miaka mitatu ili asiwepo wa kuongeza kilomita katikati ya bajeti.

Na uangalie kalenda. Kwa kaunti za Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha Februari 28, na makadirio ya bajeti Aprili 30. Kanuni ya mgawo ikiletwa Aprili hukuta vifungu vimekwisha kugawanywa. Ipeleke Septemba, pamoja na rejista na hesabu ya kila wadi kwa kila kanuni unayopendekeza, ili mjumbe aone fungu lake mwenyewe kabla hajaombwa kuunga mkono.